Mjomba Anarudi na Chumvi, si na Mtoto

Chemchem, Tabora
Jumamosi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, Petro mgongoni, na mikono inanuka kitunguu saumu ingawa nimeinawa mara tatu. Je, mguu wako umepoa? Na usingizi, unaupata, au bado unaamka kusikiliza kama baba amekohoa? Sisi hatujambo. Petro ameota meno mawili na homa imemwachia. Baba Sesilia alikuwa kwenye matengenezo ya reli, amerudi leo asubuhi mzima. Sesilia anasema, shikamoo bibi.

Mwalimu unayemsomea mama barua hii, nakuomba usome polepole na usiruke neno, hata pale utakapoona haya.

Mama, nianze na lile zito ili usikae ukilingoja. Mjomba Simoni atashuka hapo Uvinza peke yake. Sesilia sikumpa. Najua umeshamtandikia mkeka karibu na wako. Najua tangu tumzike baba huna wa kukuitikia ukiita. Kwa hiyo usidhani nimekataa kwa wepesi.

Mjomba alifika Jumatatu, akanipa maneno yako yote: kwamba kwetu mtoto wa kwanza wa kike hulelewa na bibi yake mzaa mama, na kwamba mimi nimechoka, nina mtoto mchanga mkononi, basi mkubwa aje kwako. Akaniambia pia kuwa tangu msiba hujatwanga chumvi, kibuyu chake kimetundikwa kitupu juu ya moto, kwa sababu aliyekuwa akikuonjea ni baba. Hilo lilinichoma kuliko lile la kwanza. Nikamwambia mjomba, kabla sijakujibu lolote, nitamtengenezea mama chumvi yake ya viungo.

Mrehani niliupata kwa jirani yangu Bi Zuhura, mama wa makamo anayeshona kofia, bustani yake iko nyuma ya ukuta wetu. Niliuanika kivulini juu ya ungo, jua lisile harufu, kama ulivyonifunza. Vitunguu saumu nilivikata vyembamba navyo nikavianika. Pilipili zilikuwa tayari. Alhamisi nikakaanga chumvi mpaka ikaacha kutoa mvuke, nikaipoza, nikaanza kutwanga. Mjomba amekaa kwenye kigoda, Bi Zuhura amekuja na sindano yake, Petro analia mgongoni.

Nikamwita Sesilia aonje. Nimeishika ile sheria yako, kwamba mwenye mchi haonji, maana ulimi wake umeshakufa kwa vumbi la pilipili. Mtoto akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Mama, hii sabuni."

"Sabuni gani? Onja tena."

"Sitaki. Onja wewe."

Nikaonja. Magadi, mama! Sokoni nilinunua vifurushi viwili, chumvi na magadi ya kuivishia maharage, vyote vimefungwa kwa karatasi moja, na usiku ule sikuwa nimelala kwa homa ya Petro. Nimekaanga magadi, nimeyatwanga na mrehani wa watu, mimi niliyezaliwa penye chemchemi za chumvi.

Bi Zuhura alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Yustina mwanangu, sasa hii tumpikie mumeo au tumfulie shati?"

Mjomba hakucheka. "Unaona?" akasema. "Ndiyo haya dada aliyonituma. Umechoka mpaka hujui chumvi na magadi. Nipe mtoto upumzike."

"Ni kweli nimechoka, mjomba."

"Basi."

"Siyo basi. Aliyeyatambua magadi ni nani? Huyu angekuwa Uvinza, leo ningemtumia mama kibuyu cha magadi, akadhani nimeshasahau hata ladha ya kwetu."

"Wewe mwenyewe hukulelewa na bibi yako? Ulikufa?"

Nilichukua ungo nikaingia ndani. Mjomba sikumjibu, lakini wewe nakujibu.

Sikufa, mama. Bibi alinipenda, nilishiba, na wala sikupigwa. Lakini siku niliyorudishwa kutoka kwa bibi, ng'ambo ya mto, ili niingie shule ya misheni, nilisimama mlangoni kwetu na kifurushi changu, nikabisha hodi. Nyumbani kwa mama yangu mzazi nilibisha hodi. Wewe ukasema karibu, kisha ukageuka ukaanza kupuliza moto, na moto ulikuwa unawaka. Hatujalisema jambo hili hata siku moja. Miaka mingi baadaye bado nilikuwa nakuomba maji ya kunywa kama aombavyo mpita njia. Ukiniudhi nilikuwa nalia kimoyomoyo nikimwita bibi, na nadhani ulijua.

Sikulaumu. Ulinitoa kama na wewe ulivyotolewa, na najua ile siku ya kunitoa hukula. Ila mimi nimeona niishie hapo. Uchovu huu nitauzoea, au utapungua Petro akitembea. Lakini Sesilia kunizoea upya akiwa mkubwa, hilo nalijua lilivyo gumu.

Ijumaa nikaanza tena, kwa chumvi yenyewe. Kwa bahati mrehani ulikuwa umebaki nusu. Sesilia akaonja, akasema pilipili bado, nikaongeza, akasema hapo hapo mama usitie tena. Mjomba naye akachovya kidole. Akachovya tena. Kibuyu anachokuletea nimekiziba kwa gunzi na kukifunga kitambaa. Kitundike juu ya moto, nyakati hizi za mvua chumvi inavuta maji upesi.

Sasa sikiliza neno langu lingine. Njoo wewe. Nimezungumza na baba Sesilia leo, naye amekubali kwa moyo mweupe. Chumba cha uani kina mlango wake na paa halivuji. Najua utauliza kaburi la baba litafagiwa na nani. Mdogo wangu Yohana yupo hapo kwa shangazi Marta, na ukitaka tutakupeleka kila msimu ukiisha. Njoo baada ya mavuno.

Nilipomwambia Sesilia kwamba haendi, aliniuliza, "Bibi atalia?" Nikamwambia ndiyo, atalia. Sikutaka kumdanganya. Akaenda kukaa karibu na mjomba, akamshika shati.

Nisalimie shangazi Marta, mwambie kitenge alichonipa ndicho ninachombebea Petro. Yohana mdogo wangu mwambie asiache shule kwa ajili ya mbuzi. Baba wa ubatizo Gaspari mpe shikamoo yangu, na mama jirani anayekuchotea maji mpimie kijiko cha chumvi hii, ni haki yake.

Mama, ukikasirika nitajua una sababu. Hata ukikataa kuja, kila msimu mrehani ukikauka nitakutwangia na kukutumia, mpaka nikose nguvu za kuinua mchi. Lakini mtoto sitamtoa.

Mimi mwanao,
Yustina