Ufagio wa Saa Nane za Usiku

Bi Anastasia wa gazetini, pokea salamu zangu na usinicheke, mimi ni mama mtu mzima ninayekuandikia kutoka Mtoni, Temeke, kwa mkono wangu mwenyewe kama masista walivyonifundisha, na ninachokuomba ni unitafutie usingizi kabla sijarudishwa Songea.

Nilikuja huku baada ya kumzika mume wangu, mwanangu Benedikto anayefanya kazi gatini, kule bandarini, akaja kunichukua, na mkewe Felicitas akanipokea vizuri, siwezi kumsingizia, na mwaka huu Mungu ametupa mtoto wa kiume aliyepewa jina la babu yake marehemu, Fransis, ambaye nikimbeba mgongoni ndipo ananyamaza, hata mama yake hamwezi. Sasa usingizi umenikimbia, silali, Bi Anastasia, sipati hata lepe, tukishakula jua likizama najilaza mapema ili tuzime taa tusimalize mafuta, naona nimefumba macho kidogo tu, kisha nashtuka macho makavu na nyumba nzima inakoroma, nageuka huku nageuka kule, nasali rozari inakwisha yote na giza lipo palepale. Mchana macho ni mazito, nikikaa kwenye kiti na mtoto baada ya chakula nayafumba tu kuyapumzisha, na Felicitas anasema nakoroma, nami nikamwuliza mtu asiyelala atakoromaje. Mama yangu mzazi naye usingizi ulimwisha hivihivi alipougua, na mvua za mwaka ule hakuziona, ndiyo maana naogopa.

Basi kwa kuwa silali, huamka nikafagia uwanja. Kwetu ni aibu jua kumkuta mwanamke na uwanja usiofagiwa, mama mkwe wangu alinifundisha hivyo na mkono umezoea, nami nikiamka hudhani kunakaribia kucha, nafagia taratibu nisiamshe watu, namwaga taka shimoni, narudi ndani. Kumbe jirani yetu Bi Kidawa alikuwa akinisikia. Huyu ni mwenyeji wa hapahapa pwani, mtu mzima kama mimi, jioni hukaa barazani kwake akisuka ukili wa mikeka, na tulikuwa tukipeana nazi na kaa la moto juu ya ua wa makuti. Alimwambia Felicitas kuwa kila usiku mnamo saa nane anasikia ufagio ukianza, anasikia ninavyokohoa, anasikia mpaka taka zinapomwagwa, na kwamba huku mtu hafagii usiku, anafukuza baraka za watu, na anayefagia usiku ni mwanga tu, mchawi. Mimi mwanga! Mimi ninayekomunika kila Jumapili!

Tangu hapo salamu zimekatika. Mjukuu wake alipopata homa nilimpelekea uji, akanizuia mlangoni akasema, "Hapohapo, bibi, usivuke kizingiti," nikarudi na uji wangu nikilia. Mtoto alipona lakini maneno yakabaki, yakafika mpaka kisimani, na juzi Benedikto akaniita akaniambia, "Mama, mie sikufukuzi. Ila watu wanatutazama vibaya, na mke wangu anaogopa. Mwenzangu Ansbert anapeleka lori Songea mwisho wa mwezi, bora ukapumzike nyumbani kwanza." Nyumbani hakuna mtu, Bi Anastasia. Na nani atambeba Fransis? Nitajie dawa ya usingizi hata iwe chungu namna gani, maana dresa wa zahanati aliniambia ni uzee tu akaita mgonjwa mwingine, na mimi najua nikilala usiku sitafagia, na nisipofagia sitapandishwa lori.

Mama Filomena, Mtoni

*

Mama Filomena, shikamoo. Naitanguliza kabisa, kwa sababu nikishaanza kukugombeza sitapata pa kuiweka.

Barua yako nimeisoma mara mbili na nimekusikitikia sana, hasa pale uliporudi na uji wako. Lakini dawa sikupi, kwa sababu huumwi. Unakula jua likizama, unazima taa majirani bado wanapika, unaamka saa nane. Hesabu kwa vidole vyako mwenyewe, mama! Kisha mchana unalala kitini unakoroma, mkwe wako anakuambia, nawe unabishana na mtu mwenye masikio yake. Usingizi hujaukosa, umeumaliza. Unayoikumbuka wewe ni ile saa ya kugeuka huku na kule, kwa kuwa hiyo ulikuwa macho kuiona. Zile ulizolala hukuwa na habari nazo, basi unazifuta zote na kuniandikia kwamba hupati hata lepe.

Watu wengi wa umri wako huniandikia hivyohivyo, kila mmoja akidhani yamempata yeye peke yake. Usingizi wa utu uzima huja vipande vipande. Mtu analala, anaamka, analala tena, na hilo peke yake haliui. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa mgonjwa. Wewe unabeba mtoto mgongoni kutwa nzima, hebu muache mama wa watu apumzike na usijifananishe naye.

Sasa ufagio. Hapo nakugombeza kwelikweli. Umehamia kwa watu, umekula nazi zao, na hukuuliza hata siku moja wanaishije? Mie mwenyewe wazazi wangu ni wa bara, nimekulia Temeke, na kofi la kwanza nililopigwa na jirani lilikuwa la kufagia baada ya magharibi. Watu wa huku hawafagii usiku, wala hawakuitunga desturi hiyo kwa ajili yako. Bi Kidawa naye kakosea, tena sana, kumpa mtu jina zito kama hilo bila kumwuliza. Angekuja asubuhi akasema, "Jamani bibi, mbona unafagia usiku?" mambo yangeishia hapo uani. Lakini hakuniandikia yeye, umeniandikia wewe, kwa hiyo utaanza wewe.

Leo hii mkabidhi Felicitas ufagio, aulaze chini ya kitanda chake, na uwanja ufagiwe jua likishatoka, jirani akiona. Taa isizimwe mapema, na Benedikto anunue mafuta, ni rahisi kuliko nauli ya Songea. Baada ya chakula cha mchana usikikaribie kile kiti. Zunguka na mjukuu wako, mpeleke hata barabara ya Kilwa akaone magari. Usiku ukiamka, na utaamka, baki hapohapo kitandani na rozari yako, isali polepole bila kuikimbiza ikwishe, maana mwili ulionyooka unapumzika hata macho yakiwa wazi. Sikudanganyi kwamba utalala kama msichana. Ila utalala ukijua kuwa umelala, na hilo litakutosha.

Na wewe Benedikto, najua utasomewa gazeti hili. Humfukuzi mama yako, unampumzisha, si ndivyo ulivyosema? Basi nenda wewe kwanza ukapumzike kwenye nyumba isiyo na mtu, utuletee habari. Mwambie Ansbert apakie mzigo mwingine. Jumapili hii, mchana kweupe watu wakiona, wewe na mkeo mfuatane na mama mpaka kwa Bi Kidawa. Mumwombe radhi kwa ule ufagio, kwa ufagio tu, kwa maana uwanga haupo, na mumweleze desturi ya kwenu. Atanuna kidogo, atasema mawili matatu, kisha atawatolea mkeka. Watu wa Mtoni nawajua.

Lililobaki ni lako, mama. Bi Kidawa anasema anasikia ufagio ukianza, anasikia kikohozi chako, anasikia mpaka taka zinapomwagwa, na ni kila usiku. Sasa niambie, mtu aliyelala anasikia hayo? Miezi yote hiyo mmekuwa macho wawili, wewe upande huu wa makuti na yeye upande ule, kila mmoja na hofu yake peke yake. Naye huenda hajamwambia mtu. Kwa hiyo mkishasameheana, vijana wakiaga, wewe usiondoke. Muombe ukili ushike nawe, kisha mwulize kwa upole, "Na wewe, dada, unalalaje?"

Bi Anastasia