Nyota Mbili Ulizonipa, Khalfan

Khalfan,

Nimealikwa. Soma tena, kama huko uliko kuna kusoma: nimealikwa! Lile duka la mtandaoni lilokufanya utembee kifua mbele Al Khoudh nzima hapa Maskati, sasa limeniletea barua mimi, Seif, mimi nilotoka skuli kabla mwalimu hajalijua vizuri jina langu. Kuanzia sasa nitaletewa vitu mlangoni, bure, nivitumie, niandike maoni yangu, na vitu vibaki vyangu. Bahati yangu, yakhe, mtu angeweza kuikata vipande akawagawia watu wa Ansab wote na mimi ikanibakia ya kutosha. Nimefika Dubai, nimefika Bombay, nimefika Guangzhou nikala kitu ambacho mpaka leo naogopa kukiuliza jina, na kote huko milango hunifungukia. Wewe ulisema huu mmoja hautafunguka. Haya, umefunguka. Nani anacheka?

Mungu akurehemu. Nakuombea kwa sababu mama yangu alinilea, si kwa sababu nimekusamehe.

Unaikumbuka ile mashine ya kahawa? Ijumaa, tumetoka sala, umeketi sebuleni kwako umezungukwa na maboksi kama bibi harusi na tunu zake. Taa ya kusomea, na wewe hujasoma hata karatasi ya dawa. Mto wa shingo wa safarini, na wewe tangu utoke Unguja hujapanda ndege ila ya Hija. Vyote umeletewa uvitazame na useme. Ukanipa kahawa ya mashine yako, nikakuuliza kwa heshima, nakumbuka kabisa kuwa ilikuwa kwa heshima: humo mtu anaingiaje? Ukapuliza kikombe. "Hawaombwi, yakhe. Wanaita."

Ijumaa ya pili nikaja na mkate wa kumimina alopika mke wangu, Mama Raya. Ukala robo tatu, ukasema sukari imezidi, ukafuta vidole. "Hawaombwi. Wanaita."

Hivyo ndivyo unavyomjibu mtu mlokuwa pamoja tangu vijana? Harusi ngapi tumedoea mimi na wewe, Khalfan? Mimi mbele nasema sisi watu wa upande wa bwana harusi, wewe nyuma umeinamisha kofia kama mtu mwenye msiba. Hakukuwa na biriani Maskati ilotushinda mlango. Leo umepata karamu yako peke yako, unaniambia mimi, mwalimu wako wa kudoea, kwamba hapa hapadoeki!

Na ulimi wako. Nitausema, kwa sababu wenzetu msibani wote walisema ulikuwa mtu wa maneno mazuri, nikakaribia kusimama niulize tumemzika nani. Kwenye harusi ya Raya, mwanangu wa pekee, watu wanakupa mkono wa pongezi kama mjomba, wewe unanivuta pembeni kuniambia, "Seif, wali umelia maji." Siku ile! Nikasema basi, Khalfan ndivyo alivyo, ulimi wake una miiba kama samaki, unakula polepole.

Lakini udi ulikuwa kitu chengine.

Unajua Mama Raya alivyoanza. Kaupika udi jikoni kwa sukari na marashi mpaka mapazia, mito na paka wa jirani wote wakanukia harusi. Mimi nikauweka kwenye lile lile duka la mtandaoni, kwa picha nzuri, mkono wa Raya na bangili. Mashemeji na mabinamu wakautilia nyota tano tano. Tukafurahi. Halafu ukaja wewe, ukaununua kimyakimya bila kuniambia, ukaandika. Nimeyahifadhi maneno yako, na sikuyahifadhi kwa mapenzi:

"Nyota mbili. Mwanzo wake mzuri, wa kitajiri. Baada ya dakika tano unanusa mkaa tu. Muuzaji ni mtu mwema. Udi wake bado."

Na kwa kuwa wewe ni mwalikwa wa duka, maneno yako wakayaweka juu kabisa, watu wayaone kabla ya picha. Basi. Hakununua tena hata jini. Mama Raya alikaa kwenye kiti cha jikoni akaniambia neno moja, "Hasidi." Nikalishika neno hilo. Kulla nikikuona nikalisikia. Sikuja tena kwako Ijumaa. Sikukuu, mlangoni mwa msikiti, nilikupa ncha za vidole, na wewe ukanipa mkono mzima, nikaona hata hiyo ni kejeli.

Kisha ukafa. Nilikuwa kazini Rusayl, ghalani, juu ya foklifti, mzigo uko hewani, simu inalia. Nikaushusha mzigo taratibu kama mtoto alolala. Nilibeba jeneza lako kwa bega la kulia, na bega lenyewe limenuna. Sema unavyotaka. Mtu ukigombana naye humalizi ugomvi kwa kufa, Khalfan, huo si uungwana. Umeniwacha na suali moja mdomoni na hakuna wa kumuuliza: uliniandikia vile kwa uhasidi, au kwa kweli? Hilo tu. Nimekula nalo, nimesali nalo, nimegombana nalo ndani ya gari peke yangu mpaka watu kwenye taa za barabarani wananitazama.

Mkeo, Bi Zuwena, alipotoka eda, akanipigia simu. Kuna mzigo wa lile duka, anasema, ulikuja wiki ileile ulofariki, na yeye hakuwa na moyo wa kuufungua. "Shemeji, njoo uutazame, mimi vitu hivi sivijui."

Nikaenda. Nikakaa pale pale nilipokuwa nakaa. Nikakata boksi kwa ufunguo wa gari, nimejitayarisha kukucheka, nikidhani utakuwa umejitakia mashine ya kukuna mgongo. Ndani mna chetezo. Chetezo cha umeme, kizuri, cheusi, kisichotaka mkaa.

Nikamuuliza, hiki cha nini, nyumba hii ina vyetezo vinne? Bi Zuwena akaniambia kutoka upande wa pili wa pazia, kama anasema jambo dogo, "Alikichagua kwa ajili ya udi wako. Alisema labda kosa la mkaa, si la Seif. Akasema akiona hivyo, ataongeza nyota."

Khalfan, mimi ni mtu mzima, nna wajukuu. Nilikaa juu ya lile zulia kama mzigo ulokatika kamba.

Ungeniambia! Ulikuwa na simu, ulikuwa na miguu, ulikuwa na mkono ule mzima wa Sikukuu. Neno la kuniumiza uliliandika dunia nzima ilione. Neno la kuniponya ukamwambia mkeo, ukenda zako. Huo ni ubakhili. Ndio, bakhili. Vitu uligawa, mashine ya kahawa yenyewe uliwapa wanafunzi wa chuo wale wa nyumba ya jirani, lakini neno tamu ulikuwa ukilitoa kama linang'olewa na koleo.

Tukaufukiza, bila shaka. Mkebe mmoja ulobakia wa ule udi ulonunua wewe. Mimi nimeshika saa, Bi Zuwena na dada yake nyuma ya pazia wananusa kama makadhi. Mwanzo, mashaallah, sebule nzima imesimama. Dakika ya kwanza, ya pili. Nikaanza kutengeneza hotuba ya ushindi. Ya tano... na baada ya hapo hakuna kitu. Na mkaa nao haupo wa kusingiziwa. Dada yake akauliza, "Kimezimika?" Hakijazimika.

Ulikuwa na haki. Sijui kama nakuchukia zaidi au kidogo.

Nikarudi nyumbani nikamwambia Mama Raya yote, chetezo na dakika tano. Baadae akasema, "Basi hata ule mkate ulikuwa kweli." Kesho yake akakisugua chungu chake, akaanza udi upya, na sukari anaitia kwa kijiko cha chai.

Mimi nikasema nitaingia kwenye mpango ule ule, niwe kama wewe. Nikaviandikia maoni vitu vyote nilivyowahi kununua: soli za viatu, tochi, sufuria, ile feni inayolia kama mbuzi. Zote nyota tano, Khalfan, hata feni, maana aliyeiuza naye ana watoto. Na kila moja nimeianza kwa adabu: "Mashaallah, tabarakallah, kitu kizuri, Mungu amzidishie aliyekitengeneza." Nani anasifu kitu cha mtu bila mashaallah? Jicho likikiingia, kinapasuka kabla hujamaliza sentensi. Niliandika hivyo kila mara, neno kwa neno, mpaka kidole kikafa ganzi. Ndipo ikaja barua yao.

Sasa sikiliza, maana narefusha na wewe hukupenda marefu. Chetezo nimekiwacha kwa Bi Zuwena. Udi mpya ukiwa tayari, wa kwanza utafukizwa kwako, na nitakaa nao mpaka uishe. Ukidumu, nitauza. Ukizimika dakika ya tano, nitamwambia kila mnunuzi usoni mwake, dakika tano, kabla hajatoa mkono mfukoni. Hiyo ni ahadi, na nakuahidi nikiwa bado nimekununia. Bi Zuwena hatofungua mzigo mzito peke yake maadamu mimi nipo. Lala, sahibu yangu. Mungu akupanulie kaburi, na akupe huko mtu wa kukwambia wali umelia maji.

Na ile barua. Ilikuja kweli, na jina langu juu. Wanasema maoni yangu yote yanafanana, kwa hivyo yameandikwa na mashine, na wamenifungia nisiandike tena. Mimi, mashine!

Hawakunialika, Khalfan. Nimekudanganya.

Seif