Grisi ya Mgodini

Odendaalsrus,
4 Juni 2006

Binti yangu Dieketseng,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Cape Town kwenye mvua yenu. Sisi huku tu wazima. Mama yako goti linamsumbua akipanda ngazi za kanisa, ila akishuka halimsumbui, kwa hiyo nadhani tatizo ni mahubiri. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unanikata kauli, nami napenda maneno yangu yafike yote.

Ndege niliyokuwa naiunda bandani imekwisha. Miaka saba na miezi miwili. Riveti 11,640, zote nimezipiga mimi isipokuwa 31 alizopiga mama yako siku aliyoninunia, akasema kelele zile zinampunguzia hasira. Mkaguzi wa ndege alikuja Mei, akatafuta kosa saa nne nzima, akaondoka mikono mitupu.

Alipoondoka nikafanya kazi ya mwisho, ya kulainisha viungo vya kuongozea. Viko 38, kuanzia fimbo anayoshika rubani hadi mabapa ya mabawa na ya mkia. Kila kimoja nimekishindilia grisi nyeusi ya winchi hadi ikatokeza upande wa pili. Ni lile kopo la mgodini nililoomba siku ya kustaafu badala ya saa ya ukutani. Kisha nikafunga mizani ya ndoano kwenye fimbo, nikavuta. Gramu 800. Mtoto wa darasa la kwanza ataiongoza kwa kidole.

Oom Lourens, mzee wetu yule mkulima wa mahindi mwenye leseni ya urubani, ataipaisha mara ya kwanza Jumamosi tarehe 15 Julai, saa mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu.

Ni mimi baba yako.


Cape Town,
11 Juni 2006

Ntate wangu,

Mimi mzima, nakula vizuri, silali na madirisha wazi. Hayo ni ya mama, mpelekee. Na pole zangu za goti.

Nimeisoma habari ya ndege nikiwa kazini, nikawasomea mafundi wenzangu wa ndege hesabu ya riveti, na mmoja akavua kofia. Nakuomba usinikasirikie kabla hujafika mwisho wa ukurasa.

Ulipovuta ile mizani, ilikuwa saa ngapi? Nakujua, Ntate. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, jua limeingia hadi katikati ya banda.

Vichwa vya zile fito zinazosukuma mabapa vina kitambaa cheupe ndani, kinachoteleza chenyewe. Grisi hukichafua, grisi hukamata vumbi, na vumbi likikaa humo huwa msasa. Makapi, yale magurudumu madogo ya kupitishia kebo, yanataka ukavu. Bawaba zinataka tone moja la oili nyepesi, kisha unafuta. Grisi ya winchi ni nzuri kwa winchi. Kilomita mbili chini ya ardhi mwamba una joto mwaka mzima, kule haijui baridi ya Julai. Juu ya Free State yenu asubuhi itaganda kama mafuta ya kondoo kwenye sahani.

Ilaze ndege nje siku moja, upime kabla jua halijatoka. Ni hilo tu ninaloomba.

Mwanao,
Dieketseng


Odendaalsrus,
19 Juni 2006

Dieketseng,

Sisi wazima.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya nne mama yako aliificha.

Umeniandikia ukurasa mzima juu ya grisi. Mimi nilishika grisi kabla mama yako hajakubali kunishika mkono. Miaka 26 nilifanya kazi ya fundi kwa jina la msaidizi. Winchi yangu ilishusha watu 40 kwa safari, safari 60 kwa siku, na haikuua hata panya. Vijana tisa niliwafundisha kazi hiyo. Mmoja mmoja wakaenda shule ya mgodi, wakarudi na cheti, wakaanza kunionyesha namna ya kushika spana niliyowapa mwenyewe. Tisa, nimewahesabu. Sasa wa kumi nimemzaa mwenyewe.

Na ndiyo, nilipima saa nane mchana. Mtu mwenye akili hupima akiwa anaona namba.

Tarehe ni ileile. Mama yako anakutumia soksi.

Baba yako (bado)


Cape Town,
3 Julai 2006

Ntate wangu,

Natumaini wote wazima. Nimengoja wiki mbili barua nyingine, nikadhani labda yako ya mwisho ilisahau kumaliza. Soksi zimefika. Moja ni ndefu kuliko mwenzake, mwambie mama nazivaa hivyohivyo, mguu mmoja unasikia joto zaidi.

Baba, mimi sikuandika kama mwenye cheti. Darasani nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya kumi na tisa, na siku ya kwanza mwalimu alitutupia injini vipandevipande mezani. Nilijua kila kipande kinakwenda wapi kwa sababu Jumapili zote ulinikalisha juu ya ndoo ukanifanya nikutajie vyuma. Wengine walijifunza shuleni. Mimi shuleni nilikwenda kuchukua karatasi.

Lakini ndani ya ile ndege ataketi mtu. Mkewe Oom Lourens anaitwa Tannie Marietjie, na alinifundisha kuogelea kwenye bwawa lao la ng'ombe.

Namba yao ya simu ninayo. Nimeshika simu mara mbili. Sijapiga, kwa sababu ndege ni yako na mtu hamruki baba yake. Kwa hiyo hakuna anayejua ila wewe na mimi. Nimekuachia.

Mwanao


Odendaalsrus,
16 Julai 2006

Binti yangu,

Naanza na lililo muhimu ili usitetemeke kwa kusoma. Watu wote ni wazima. Ndege haikuruka.

Ijumaa jioni niliisukuma nje. Mama yako aliuliza kwa nini, nikamwambia nataka kufagia banda. Akaniangalia, miaka 33 ya ndoa hajaniona na ufagio.

Jumamosi nilifika uwanjani saa kumi na mbili unusu asubuhi. Nyuzi sita chini ya sifuri, umande umeganda juu ya mabawa kama unga. Nikafunga mizani, nikavuta. Kilo 3.6. Nikasema mizani imeganda. Nikaenda garini, nikachukua mfuko wa sukari wa maandazi ya mama yako, kilo mbili na nusu, nikauning'iniza. Mizani ikasoma mbili na nusu. Nikavuta fimbo tena. 3.6. Hiyo ni mara nne na nusu ya namba niliyokuandikia kwa majivuno. Kisha nikaisukuma fimbo kushoto nikaiachia, ikabaki palepale, kama mlevi aliyeegemea ukuta.

Nilikaa kwenye gurudumu. Sijui muda gani, na unajua mimi hujua muda.

Saa mbili kasoro robo walikuwa wamefika watu wote wa klabu ya ndege, ishirini na wawili, na kahawa zao, na mama yako na maandazi yake. Oom Lourens akapanda, akashika fimbo, akacheka. Akasema inamsalimia kama mama mkwe. Kisha akasema si neno, tungoje saa nne, jua litailainisha.

Hapo, Dieketseng, nitakueleza ukweli. Nilitaka kukubali. Saa nne ingekuwa nyepesi, angepaa, watu wangepiga makofi. Lakini nilikuwa nimeshapiga hesabu nikiwa kwenye gurudumu. Kila futi elfu moja za kupanda, baridi inaongezeka nyuzi mbili. Yeye anataka kupanda elfu tatu. Jua la chini lisingemfuata kule juu.

Nikamwambia ashuke.

"Una nini, Tshokolo?" akaniuliza. "Miaka saba umengoja."

Nikasema, "Binti yangu alisema haifai. Alisema tangu Juni. Nilikosea mimi, si mkaguzi, si yeye. Grisi ile niliipaka mimi."

Maneno yale sikujua kama yamo kinywani mwangu. Oom Lourens akashuka polepole, akanitazama, akaenda kwa mama yako, akasema basi kwa kuwa leo haruki, anaweza kula maandazi manane. Akala tisa.

Nimeanza kufungua. Kwenye kichwa cha kwanza cha fito kitambaa cheupe kimekuwa cheusi, na vumbi limo.

Baba yako


Cape Town,
24 Julai 2006

Ntate wangu,

Nimefurahi kusikia ni wazima, hasa yule wa maandazi tisa.

Barua yako niliisomea chooni kazini ili wasinione. Msimamizi akagonga akidhani naumwa. Nikamwambia naumwa na baba.

Nakupenda.

Mwanao


Odendaalsrus,
20 Agosti 2006

Binti yangu mpenzi,

Nakusalimu, na mama yako anakusalimu, na goti lake linakusalimu; mchungaji amekwenda likizo.

Vichwa vya fito vyote 22 ni vipya, vikavu kama ulivyosema. Makapi sita nimeyaosha na kuyafuta. Bawaba kumi, tone moja moja, nikihesabu kwa sauti hadi mama yako akaniuliza kama naswali. Kilo 0.7 mchana, 0.8 alfajiri kwenye baridi. Fimbo ukiiachia inarudi katikati.

Jana saa mbili asubuhi Oom Lourens aliipaisha. Dakika 38. Mimi nilitazama mwanzo na mwisho. Hapo katikati macho yalikuwa na vumbi. Aliposhuka hakusema mzaha. Alisema kule juu aliondoa mikono yote miwili, akaikunja kifuani, na ndege ikaendelea na safari yake. Kisha akanipa mkono, akaushika kwa muda.

Zimebaki saa 39 na dakika 22 za majaribio kabla abiria hajaruhusiwa. Kwa mwendo wa Lourens na hali ya hewa, napata wiki ya pili ya Desemba. Omba likizo mapema.

Sasa, mlango wa kulia, upande utakaokaa wewe, bawaba zake mbili zinalia ukifungua. Si za kuongozea, ni za mlango tu. Nifanye nini hapo, oili au poda kavu? Na kama ni oili, ile ile, au nyingine?

Sijazigusa. Nangoja uniambie.

Baba yako