Mmea Wako wa Ukutani

Gongoni, Tabora
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama, shikamoo.

Nimeukata mmea wako uliotambaa ukutani, wala sijutii. Mchwa walikuwa wamepanda chini ya majani hadi kwenye miti ya paa. Ningeuacha, mvua za mwaka huu zingetuangushia nyumba.

Dada Mwajuma hakutaka kusikia. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni: "Karani wa stesheni! Mama hajamaliza hata mwaka kaburini, wewe unamfukuza nyumbani kwake." Siku kumi na saba hakunisemesha. Zote nimeziandika kwenye daftari langu.

Unakumbuka ulivyouleta kutoka Ipole, kijiti kimoja tu ndani ya kitambaa kibichi? Ulinipa nikushikie kwenye lori, nikakikalia. "Mtoto huyu ana makalio ya tembo," ulisema, ukacheka mpaka Sikonge. Kikaota hivyo hivyo.

Mwanzoni nilikosea. Nilivuta matawi yakiwa mabichi, na lipu ya chokaa ikaja nayo, kipande cha upana wa sinia. Lipu uliyoisawazisha kwa kiganja chako, Mama. Nilikaa chini kabisa.

Kisha nikakata shina karibu na ardhi, nikangoja. Majani yalipopukutika, matawi yalitoka kwa urahisi, pamoja na njia za udongo za mchwa. Vikabaki vikucha vyake, vyeusi, vingi mno, vimeng'ang'ania ukuta mzima. Kisu kingechimba lipu. Nikavilowesha kwa maji ya debe, sehemu ndogo ndogo, nikasugua kwa brashi ya katani, kutoka juu kwenda chini.

Jana Dada alitoka na kigoda chake, akanitazama weee.

"Unaacha mikia," akasema.

Akaninyang'anya brashi. Mama, anasugua kama wewe, ulimi nje.

Tulipofika dirishani, pale ulipokuwa ukiegemea kuongea na jirani, alisimamisha mkono. "Hapo acha." Vikucha vimebaki hapo, upana wa bega lako. Kesho tunapaka chokaa, tutapazunguka.

Kijiti kimoja nimekipanda uani, kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Kimechipua. Nakuahidi, kila kitakaponyoosha tawi kuelekea ukutani nitalikata, na pale dirishani hapaguswi maadamu niko hai.

Lala, Mama. Paa lako ni zima, na Dada ananiita tule.

Mwanao,
Rajabu