Ubeti Wako Bado Uko Wazi

Eldoret, Jumatatu

Kaka Wekesa,

Uko salama? Mama goti lake linamwachilia kidogo, ama bado anapanda kitandani kwa kusaidiwa? Mimi mwili hauna shida, namshukuru Mungu, ila baridi ya Eldoret imenizoea kuliko watu wake.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei.

Kazi ninayo, katika duka la mbegu na dawa za mifugo. Mchana kutwa naongea na wakulima, lakini nikishafunga mlango wa chumba changu hakuna wa kunijibu. Jumapili ndiyo mbaya zaidi. Ibada ikiisha kila mtu anaenda kwake, na mimi nazunguka mjini nikitazama maduka yaliyofungwa.

Jumapili moja nilisikia ngoma na gitaa kwenye ukumbi mmoja, nikachungulia. Walikuwa wawili: Odhiambo, fundi wa umeme, kwenye ngoma, na Kiprop, mwalimu, kwenye gitaa. Wanapiga muziki wa roki. Wakaniuliza ninaimba nini. Nikasema mimi ni mtu wa rap, nikingoja wacheke.

Kiprop akasema, "Leta basi, tusikie."

Nikawarapia ule wimbo wetu tuliomtungia Baba, mimi na wewe. Kaka, lile gitaa lilipoingia nilishtuka. Hasira yote tuliyokuwa tukiitafuta kwa midundo ya kwenye simu ilikuwa hapo. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka, kisha nikacheka. Sikuwa nimecheka na mtu tangu nifike huku.

Ubeti wangu ulipoisha nikanyamaza.

"Mbona umekata?" Odhiambo akauliza.

"Unaofuata ni wa kaka yangu. Siku naondoka alinikataza kuugusa."

"Si yuko mbali? Atajuaje?"

Nikachukua sweta yangu nikatoka. Wiki mbili sikurudi, na ukimya wa chumba ukazidi. Kisha Kiprop akaja dukani, akangoja mpaka wateja wakaisha.

"Odhiambo anaomba msamaha," akasema. "Hatutaugusa. Ubeti wake ukifika, gitaa litapita peke yake."

Jumamosi iliyopita mchana tuliucheza wimbo mbele ya watu. Ubeti wako ulipofika nikashusha maikrofoni. Gitaa likalia, na mimi mdomo umefungwa, moyoni nautamka neno kwa neno, hadi pale Baba anapokushikia baiskeli kwa nyuma na wewe hujui ameshaachilia. Watu wakashangilia. Walidhani ndivyo wimbo ulivyotungwa. Hakuna hata mmoja aliyejua kuna mtu amekosekana. Nilienda nyuma ya ukumbi nikalia.

Kaka, niliondoka wiki ile ile tuliyomzika Baba, nikakuachia Mama, shamba na wageni wa matanga. Nilikuwa nakimbia. Nilikukosea, na sijawahi kukwambia hivyo.

Nisalimie Mama, umsomee barua hii polepole. Msalimie shemeji, na shangazi aliyenifungashia njugu za safari. Waambie nasali na nakula.

Kuhusu ubeti, sikuombi ruhusa. Nakuomba uje uutamke mwenyewe. Na kama bado una hasira, njoo nayo hivyo hivyo. Huu muziki una nafasi yake.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka,
Nekesa