Nasike Hakutia Sumu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Kaunti ya Bungoma
Nambari ya OB (kitabu cha matukio): 31/15/11/2025
Jina: Phelista Nakhungu
Umri: Miaka 63
Kazi: Mshonaji nguo
Makao: Kanduyi
Yameandikwa na: Konstebo Chesang, Jumatatu tarehe 17 Novemba 2025, saa moja na dakika tano asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa na mtu, nimekuja mwenyewe. Nasike, mke wa Levi Khisa, amefungiwa hapa tangu Jumamosi jioni kwa madai kwamba alimtilia mama mkwe wake sumu kwenye chakula, na saa tatu leo anapelekwa kortini. Hakuna sumu. Kilichomwangusha huyo mama nakijua, na nataka kiandikwe kabla gari halijaondoka.

Huyo mama ni Roselyne Khisa, miaka 66, mwalimu mkuu mstaafu. Sisi humwita Mama Levi. Ni rafiki yangu kwa miaka kumi na tisa na nguo zake zote nashona mimi. Mwezi wa saba mwaka huu tepu yangu ya kupimia ilishindwa kumzunguka, akaketi kwenye kiti cha wateja akalia. Alikuwa na kilo mia moja na kumi na nane. Magoti yalikuwa yamekwisha, na daktari wa mifupa alikataa kumfanyia upasuaji wa goti kabla hajapunguza uzito. Alikuwa ameacha sukari na chai ya maziwa. Aliambiwa atembee, lakini atembee na magoti gani?

Mnamo Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa mbili asubuhi, nilimsindikiza hadi kliniki moja ya kibinafsi mjini Kitale, kwa Dkt. Kinyua, ambaye huwawekea watu puto tumboni. Hakuna kupasuliwa. Mgonjwa analazwa usingizi kidogo, mpira laini uliokunjwa unapitishwa mdomoni pamoja na mrija wenye kamera, ukifika tumboni unajazwa maji ya chumvi. Tumbo linabaki na nafasi ndogo, mtu anashiba upesi. Baada ya miezi sita puto linatolewa kwa njia hiyo hiyo. Daktari hakufanya haraka. Wiki mbili kabla alikuwa amempima moyo, damu na sukari, na akamwambia kwamba mtu wa umri wake akitapika sana huishiwa maji mwilini haraka, kwa hivyo ni lazima mtu wa nyumbani ajue. Siku hiyo ya kuwekwa puto akauliza mimi ni nani. Mama Levi akasema, "Huyu ni dada yangu." Nikatia sahihi kwenye fomu kama dada. Huo ni uongo na nimeukubali hapa.

Kufikia saa tano na nusu ilikuwa imekwisha. Muuguzi alitueleza kwa Kiswahili, polepole, mara mbili. Siku tatu za kwanza maji na supu iliyochujwa, kisha uji mwepesi, kisha vyakula vya kupondwa. Ugali na nyama hapana, mpaka daktari aseme. Kwa hivyo asije mtu hapa akasema kliniki haikutuambia. Tuliambiwa, na tuliitikia kwa vichwa.

Tukirudi tulishuka Kiminini kwa sababu kichefuchefu kilikuwa kimemzidi. Akiwa ameinama kando ya barabara aliniita kwa jina la mwanangu, akasema, "Mama Linah, hii maneno iishie hapa. Wakiniuliza, mimi nafunga na kuomba." Nikamwuliza atamfichaje Levi, na ndiye mwanawe wa pekee. Akasema, "Nimefundisha hawa watu wote. Leo waseme ati mwalimu ameshindwa na mdomo wake mpaka akawekwa mpira? Na nikikonda tu hivi, watasema Levi hanilishi. Wewe nyamaza." Nilinyamaza, nikamshika mkono tukaendelea na safari.

Jumamosi tarehe 15 Novemba, saa saba mchana, tulikuwa Myanga kwa Levi. Amejenga nyumba mpya na siku hiyo mama yake alikuwa anakula humo mara ya kwanza. Konstebo ametoka kwingine, kwa hivyo naeleza. Kwetu, mama mkwe akikataa chakula cha kwanza cha mke wa mwanawe, amemwita mchawi bila kufungua mdomo. Mwanamke ataishi na jina hilo mpaka azikwe nalo. Nilimwambia Mama Levi tangu Ijumaa atume salamu, aseme anaumwa. Alisema hawezi kukosa.

Nasike alikuwa amechinja jogoo wawili na kusonga ugali wa wimbi. Mama Levi alikunywa vijiko viwili vya mchuzi, akasema ameshiba. Nasike alikuwa amepiga magoti mbele yake na jagi la maji ya kunawa. Akasema, "Mama, si hujaonja hata. Ama mkono wangu ni mbaya?" Alijaribu kucheka, lakini sauti ilikuwa ya kilio. Wabwile, ambaye ni shemeji yake Mama Levi, akadakia, "Roselyne anakataa kuku? Hapo iko kitu, bana." Nilimkanyaga Mama Levi mguu chini ya meza. Alinitazama, akauondoa mguu wake, akanawa, akala. Alimaliza ugali, na kuku akabakisha kipande kimoja tu. Ilikuwa siku ya tisa tangu puto liwekwe.

Saa nane na dakika arobaini alianza kutapika. Alitapika hadi hakuna kitu cha kutoka, akaanguka mlangoni, macho yamegeuka. Wa kwanza kupiga kelele za sumu ni Wabwile, na jina lake nataka liandikwe kikamilifu, Wabwile Khisa, wa Myanga. Vijana wa jirani walirusha mawe, vioo vitatu vya nyumba mpya vikavunjika. Levi alikuwa amemshika mama yake kichwa, akamwuliza mkewe, "Umemlisha nini?" Hakumwuliza mtu mwingine swali lolote. Nasike alikwenda mezani, akachukua kipande kilichobaki kwenye sahani ya mama mkwe wake, akakila mbele yetu sote, akatafuna, akameza. Mtu wa sumu hafanyi hivyo. Nilipiga kelele watazame, hakuna aliyetaka kutazama.

Mimi niliondoka na gari lililompeleka mgonjwa hospitalini, kwa hivyo sikuona Nasike akikamatwa. Hospitalini Levi alisema ni sumu, nao wakaanza kumtibu kama mtu wa sumu. Saa kumi na nusu nilimvuta kando Dkt. Sabiha nikamwambia habari ya puto. Alisema, "Mama, hiyo ilikuwa ya kuniambia mlangoni." Alisimamisha kila kitu, akampiga picha ya tumbo, akampigia Dkt. Kinyua simu kwa nambari niliyokuwa nayo. Ugali na nyama vilikuwa vimekwama juu ya puto. Jumapili asubuhi walilitoa, pamoja na chakula.

Mama Levi alizinduka vizuri saa kumi jioni jana, Jumapili. Nilimshukuru Mungu, nalia, kisha nikamwambia Nasike yuko ndani. Akasema, "Watamwachilia tu. Watampata na nini?" Nikamwuliza, na yule mtoto wa Nasike wa miezi saba anayenyonya? Akasema, "Si Levi anaweza kununua maziwa." Nilidhani ni dawa zinazosema. Akanishika mkono, akaukaza, akasema, "Ukifungua mdomo, mimi na wewe hatujuani."

Levi akaingia wakati huo huo, akamwuliza mama yake daktari amesema ni nini. Mama Levi akamjibu mtoto wake, mimi nikiwa nimesimama pale, "Wanasema ni ile chakula." Konstebo ameniomba nipunguze sauti. Nimepunguza. Lakini aandike neno kwa neno: "Wanasema ni ile chakula." Alijua msichana yuko ndani, na alijua kwamba alikula kwa sababu hakutaka msichana huyo huyo aitwe mchawi. Aliogopa jina lile kwa niaba yake saa saba mchana wa Jumamosi, na jana akambandika jina baya kwa mkono wake mwenyewe, ili watu waendelee kuamini kwamba anafunga na kuomba.

Nilimfuata Dkt. Sabiha nikamwomba aje hapa aseme. Alisema hawezi kutoa siri ya mgonjwa bila ruhusa yake au amri ya korti. Sina ugomvi naye, ana kiapo cha kazi yake. Mimi sina kiapo, mimi ni fundi wa nguo.

Nilipotoka huko nilipita hapa kituoni, saa kumi na mbili jioni. Nasike alikuwa amesimama kwenye dirisha la seli. Blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa mbele. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, yeye ameamka?" Nikamwambia ameamka. Akasema asante, akaniambia niende nikapumzike, nimechoka. Sikumwambia lingine, na wala sikuingia kwa polisi. Nilienda nyumbani.

Nina hasira na Wabwile, na Levi, na wale vijana wa mawe. Kwa Mama Levi nina hasira ambayo sijui nitaiweka wapi. Kupunguza uzito si aibu, na si umri wake uliomdhuru. Lile puto lilikuwa linamsaidia, nguo aliyovaa Jumamosi niliipunguza kiuno mimi mwenyewe. Hakuumizwa na kliniki, na hakuumizwa na Nasike.

Haya yote nimeyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu, nimesomewa, na hakuna neno ninalotaka lifutwe. Niko tayari kuyarudia kortini, hata Roselyne akiwa ameketi mbele yangu.

Sahihi: Phelista Nakhungu

Maandishi ya afisa: Nimempigia simu Dkt. Kinyua wa Kitale saa mbili na dakika kumi na tano. Amethibitisha kwamba shahidi alikuwepo kliniki tarehe 6 Novemba na kwamba sahihi ya dada kwenye fomu ni yake. OCS, mkuu wa kituo, ameagiza mshukiwa asipelekwe kortini. Nasike ameachiliwa saa tano kasoro dakika kumi asubuhi. Kabla ya hapo shahidi, aliyekataa kuondoka kwenye benchi, aliomba kwamba Nasike asomewe maelezo haya, hasa ya Jumapili jioni, kabla hajamshukuru mtu yeyote. Nimemsomea. Nasike ametoka kwa mlango wa nyuma, bila kupita kwenye benchi wala kumshukuru mtu.

Konstebo Chesang