Nimewavika Watu Barakoa Zenye Matundu

Mshauri wetu, shikamoo. Nisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo natunukiwa cheti mbele za watu, na mwenyewe najijua sistahili hata kipande cha gazeti.

Mimi ni fundi wa magauni ya harusi, nina kampuni ya cherehani saba na mafundi sita, wanawake watupu, wawili wajane, na ugonjwa huu ulipoingia harusi zikapigwa marufuku nikabaki na marobota ya lesi mpaka dirishani na hakuna bibi harusi hata wa dawa, mafundi wakawa wananitazama tu, nami nikaapa sitamwachisha kazi hata mmoja. Ng'ambo ya barabara yupo wifi yangu, dada wa mume wangu, yeye hushona sare za shule, na shule zilipofungwa hakungoja, wiki ileile akaanza barakoa za pamba, tabaka tatu, rangi ya matope, hazitazamiki, lakini foleni yake inafika kwenye kona. Roho ikaniuma, nikawaambia mafundi, "Tunashona barakoa za lesi, mia tatu za kwanza tunagawa bure, watu waone kampuni yetu ina utu." Fundi wangu mkuu, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, akainua lesi mbele ya uso wake akaniambia, "Dada, nakuona." Nikamjibu, "Na mimi nakuona, shona."

Tukagawa zahanati, tukagawa sokoni, watu wakazipenda ajabu kwa sababu zina maua na lulu, wauza nyanya wakawa wanapima nyanya kama wako ukumbini, foleni ya wifi ikahamia kwangu, nikaanza kuuza, na afisa wa mtaa akaja kunisifu kwamba mimi ni mfano wa wafanyabiashara wanaojali jamii. Jumatatu akaingia nesi wa zahanati, akavaa barakoa yangu, akapenyeza mrija katikati ya ua, akanywa soda chupa nzima bila kuivua. Kisha akaniuliza kwa upole, "Kama soda inaingia, mate yatashindwaje kutoka?"

Sasa nikisema ukweli wateja watarudi kwa wifi na mafundi wangu watakosa kazi, nikinyamaza nitapewa cheti na mtu ataugua kwa mkono wangu. Nimemwuliza mume wangu, akasema yeye ni kaka wa mmoja na mume wa mwingine, kwa hiyo koo linamuuma hawezi kuongea. Nifanyeje?

Fundi wa Magauni

*

Fundi, marahaba. Pole, tena kaa chini, maana nina maneno.

Kwanza nikupe haki yako. Kubaki na mafundi wote sita wakati wenye mali kukuzidi wanawaachisha watu kazi kwa ujumbe wa simu ni jambo kubwa, asikubeze mtu. Lakini mwanangu, umegawa matundu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi wako, ndani hata hicho kipande hakuna. Fundi mkuu alikuonya kwa maneno mawili, ukajifanya huelewi, kwa sababu hukuwa unashindana na ugonjwa, ulikuwa unashindana na wifi yako. Mwombe radhi mama huyo, na umwombe mbele ya wenzake.

Nami nasema kwa uchungu. Mpwa wangu aliniletea moja, ina lulu tatu puani. Nimeivaa wiki mbili hapa ofisini, nikiwashauri watu waache kujidanganya.

Sasa sikiliza. Leo, si kesho, mwambie afisa wa mtaa cheti kisubiri, na akisema kimeshachapishwa, mwambie karatasi haiozi. Bandika tangazo mlangoni kwa herufi kubwa, kwamba barakoa zako hazizuii ugonjwa na kila mwenye nayo airudishe itiwe bitana bure. Kisha vuka barabara. Wifi ana pamba na ana akili, wewe una mkono wa urembo. Mwombe akuuzie pamba, tabaka tatu ndani, lesi juu, muuze pamoja. Usianze na maelezo, anza na "Wifi, nimekosa." Atacheka. Mwache acheke mpaka achoke, simama hatua mbili mbali naye, ndipo mzungumze kazi.

Wateja watapungua, sikufichi. Wapange mafundi kwa zamu, wote sita wapate kidogo, kuliko wanne wapate na wawili wakae nyumbani. Watu humsamehe fundi aliyefumua akashona upya. Hawamsamehe aliyejua mshono umeachia akanyamaza.

Mume wako mpe ndoo na sabuni, barakoa zitakazorudi azifue yeye. Koo ndilo linalouma, mikono ni mizima.

Na ukienda kuzikusanya, usianzie sokoni kwa sababu tu huko ndiko ulikosifiwa. Anzia zahanati, kwenye wagonjwa, na uende mwenyewe, usitume mtu. Mlango unafunguliwa saa mbili asubuhi. Wewe uwe pale saa mbili kasoro robo.